Ngozi ya Askofu

Wapo watu ukiwapa kitu chako wakutunzie, hukitunza mpaka ugeuze kisogo. Kemunto hakuwa wa kundi hilo. Nalisema mapema kabla hatujafika mbali, maana walikuwepo waliomsema vingine, huko Saltley na huko Aston, na siku midomo yao ilipofungwa, ilifungwa kwa kitu ambacho hawakuwahi kukiona kikipakiwa ndani ya basi.

Mwenyewe ndiye huyu: Mkisii wa Bobasi, mfupi, mwendo wake wa haraka na ulimi wake wa haraka zaidi, Msabato asiyekosa ibada, nesi katika wodi ya wanaume kwenye ile hospitali kubwa ya upande wa Bordesley Green. Alifika Birmingham mwaka 1966 kusomea unesi, akafaulu, akaajiriwa. Chumba alipanga Saltley kwa Tarlochan Singh, fundi chuma aliyezaliwa Kisumu na kuhama Kenya mwaka 1968, wakati Wahindi wengi wa kule walipofunga virago. Walipogombania jiko, waligombana kwa Kiswahili, tena kile cha sokoni. Tarlochan alimwita Sista, kama Wakenya wanavyomwita nesi yeyote. Kemunto alimwita Bwana Singh, ila akiudhika alimwita Kalasinga, na hapo ugomvi uliisha kwa kicheko.

Nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya uchochoro, palikuwa na ua wa mzee wa Kizungu aitwaye Amos Tibbetts. Kazi yake ilikuwa kupita mitaani na mkokoteni wa farasi, akiita watu watoe vyuma chakavu, matambara na masufuria yaliyotoboka. Wenzake wote walikwisha kununua malori. Amos alibaki na farasi wake, mnyama mnene wa rangi ya kahawia, miguu yenye manyoya kama amevaa suruali pana, na begani alama nyeupe ukubwa wa kipande cha sabuni. Hapo ndipo kola, ule mkanda mnene wa shingoni wa kuvutia mkokoteni, ilipomchuna alipokuwa kijana, na manyoya yalipoota tena yakaota meupe. Jina lake lilikuwa Bishop, yaani Askofu.

Kemunto aliposikia jina hilo mara ya kwanza alishika kiuno.

"Askofu wa dhehebu gani?"

"La walaji," alijibu Amos, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana juu ya ukuta.

Basi majira ya baridi ya mwaka 1970 kifua cha Amos kilimwangusha, akaletwa hospitali, akalazwa wodi ile ile ya Kemunto. Lo, mgonjwa gani yule! Halali, hali, kila mara anadai suruali yake arudi nyumbani. "Nani anampa Askofu maji?" ndiyo iliyokuwa sala yake asubuhi na jioni. Daktari alimwambia kwamba akiinuka atakufa. Yeye akajibu kwamba akilala ni farasi atakayekufa, na farasi hakuvuta sigara hata moja maishani mwake, sasa kwa nini afe yeye.

"Mzee, lala," Kemunto akamwambia. "Mimi naishi nyuma ya ua wako. Nitamlisha nikitoka shifti."

Amos alimtazama kwa shaka, maana manesi husema mengi kumtuliza mgonjwa. Lakini kesho yake Kemunto alipofika kitandani, hata kabla hajavua sweta, mzee aliukamata mkono wa ile sweta akaunusa. Akaunusa tena. Harufu ya farasi haidanganyi. Akageukia ukutani, akalala fofofo mpaka chakula cha mchana.

Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza. Majani yalipochipua Amos aliruhusiwa kwenda nyumbani, lakini kifua kilikuwa kimekwisha na mwenyewe alijua. Jioni moja akamkuta Kemunto bandani anamwaga pumba kwenye ndoo, akaketi juu ya ndoo nyingine iliyofudikizwa.

"Binti, mpwa wangu Ray anangoja nife aupate ua huu. Askofu atakwenda kwa mchinjaji kabla mwili wangu haujapoa. Wewe utamchukua?"

Kemunto hakujibu. Amos alidhani anaogopa kazi. Kazi? Mtoto wa Bobasi aogope kazi! Alichokiogopa ni uzito wa neno lenyewe, kwa sababu aliujua tangu utotoni.

Kwao Kisii zamani mtu hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Ugonjwa ungeingia siku moja ukamwacha maskini. Kwa hiyo alimpelekea rafiki wa mbali ng'ombe mmoja au wawili amtunzie. Rafiki alikunywa maziwa, lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe, na ndama wake pia. Hapakuwa na karatasi wala askari. Baba yake Kemunto alitunza ng'ombe wa mtu wa Kitutu namna hiyo miaka mingi, mpaka ugonjwa wa kupe ukamuua. Kemunto alikuwa msichana mdogo, lakini hakusahau alichokiona. Baba yake aliichuna ngozi, akaikausha, akaitia begani na kutembea nayo hadi Kitutu, Kemunto nyuma amebeba kibuyu cha maji. Walipofika, baba aliitandaza ngozi mbele ya mwenyewe akasema, "Mnyama wako amekufa kwa Mungu, hakufa kwa mkono wangu. Ngozi yake ndiyo hii. Tazama alama."

Yule mtu wa Kitutu akatafuta alama ya sikioni, akaipata. Hakusema asante. Aliinuka, akaenda zizini, akarudi na ndama jike, akamkabidhi baba yake Kemunto kamba. Huko ndiko kusifiwa kwa mtunzaji: kupewa mwingine. Waliporudi njiani baba yake aliimba, na hakuwa mtu wa kuimba.

Basi unaona kwa nini Kemunto alinyamaza pale bandani. Alilala juu ya jambo lile, na asubuhi akagonga mlango wa Amos. "Nitamchukua," akasema. "Mpaka mwisho wake."

Wakaenda kwa wakili mjini, Amos akitweta kila ngazi. Mambo yakapangwa hivi. Nyumba ya Amos ingepangishwa, na kodi yake imlishe farasi maisha yake yote. Kemunto angekuwa mdhamini, ndiye mshika amana. Farasi akifa, nyumba na ua viende kwa Ray. Kemunto hakuachiwa hata kijiko, na mwenyewe alitaka iwe hivyo, kwa sababu nesi hapokei mali ya mgonjwa.

Wakili alikuwa mtu mpole mwenye kupenda kueleza. Alisema sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kuacha amana kwa ajili ya mnyama wake, mradi isipite miaka ishirini na mmoja.

"Akifika huko nitafufuka nije nimwone," Amos akasema.

"Lakini lazima ulijue jambo moja, Nesi," wakili akaendelea. "Mtu akidhulumiwa amana yake, huenda mahakamani. Farasi haendi mahakamani. Sheria inakuruhusu kumtunza, ila haikulazimishi. Ukimtesa, hiyo ni kesi nyingine. Lakini ukichoka kesho, ukamwita daktari wa mifugo amlaze kwa sindano, hakuna atakayekushtaki kwa kuvunja amana."

Kemunto akacheka mpaka wakili akaweka kalamu chini.

"Samahani," akasema. "Nilidhani nimekuja kujifunza mambo mageni. Kumbe ni yale yale ya kwetu."

Akatia sahihi. Amos alifariki majira ya kupukutika majani mwaka 1971, nyumbani kwake, dirisha wazi ili amsikie farasi akitafuna.

Tangu hapo ukitaka kumwona Kemunto ungemtafuta bandani. Kabla ya shifti alikuwa huko na baada ya shifti alikuwa huko, na buti zake za mpira, na kilemba chake kichwani, akimsugua Askofu ubavu huku anamgombeza kwa Kikisii. Farasi alielewa Kikisii, msimbishie Kemunto. Jumamosi alimlisha kwanza ndipo aende kanisani, na mzee wa kanisa alipomtania kuhusu kufanya kazi siku ya Sabato, alimjibu kwamba Bwana mwenyewe aliruhusu kondoo atolewe shimoni, na huyu wake ni mkubwa kuliko kondoo. Washiriki wakazoea kumwuliza, "Askofu hajambo?" Wageni waliosikia walibaki wanashangaa, Wasabato na askofu tangu lini.

Kwao mtunzaji hunywa maziwa. Askofu hakuwa na maziwa, ila alikuwa na samadi, na samadi jamani ilikuwa ya kutosha. Kemunto akalima kona ya ua. Akapanda maboga kwa ajili ya majani yake, na kabichi, na maharage. Tarlochan akaleta mbegu za dania na uwatu. Watu waliozoea mboga za makopo walikuja kuchungulia ukutani. Majani ya maboga yalitambaa mpaka juu ya paa la banda, na Kemunto alitembea katikati yake kama mwenye shamba la chai.

Usidhani Ray alikuwa amelala. Huyu Ray, mtoto wa dada yake Amos, alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, muuza matairi ya mtumba huko Aston karibu na uwanja wa mpira. Alikuwa amekwisha kuupangia ua ule kazi: matairi hapa, magari pale. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini Ray hakuwajua wahenga wetu. Alikuja mara ya kwanza kwa adabu, na boksi la chokoleti.

"Mjomba hayupo tena," alisema. "Farasi ni mzee, anateseka. Sindano moja tu, na hakuna atakayekuuliza. Wakili mwenyewe aliniambia hulazimishwi. Unajisumbua bure."

"Anateseka? Mtazame."

Askofu wakati huo alikuwa ameshika jani la kabichi mdomoni na anatafuna macho yamefumba nusu.

"Hata hivyo," Ray akasema, "nani atakushukuru?"

Hapo Kemunto alimrudishia chokoleti zake, akamwonyesha lango, na kumsindikiza kwa maneno. Tarlochan, aliyekuwa juu ya paa anapiga bati misumari, aliuliza baadaye.

"Sista, ulimwambia nini yule? Aliondoka amekuwa mwekundu."

"Hata sikumbuki. Nilianza kwa Kiingereza, hakikunitosha."

Mwaka 1973 lilikuja jaribu kubwa kuliko Ray. Hospitali ya misheni kwao ilitafuta nesi mkuu, na kaka yake Jairus akaandika kwamba nafasi hiyo ni yake akiitaka, aje tu. Kemunto aliitaka. Tusimfanye malaika, aliitaka sana, aliota ndoto za kofia yake nyeupe na njia ya udongo mwekundu kwenda kazini. Lakini farasi angemwachia nani? Tarlochan alikuwa na kiwanda chake na watoto wake. Ray ndiye huyo. Kemunto akaandika kwamba haji. Jairus akamaka kwa barua: unaacha kazi kama hiyo kwa sababu ya farasi wa Mzungu aliyekufa? Umerogwa? Mwisho wa barua hiyo, hata hivyo, baba yao alikuwa ameagiza neno lake liandikwe: mnyama wa watu haachwi njiani, na mimi nikiulizwa binti yangu yuko wapi najibu huku nimesimama wima. Kemunto alilisoma neno hilo bandani, akamsomea Askofu pia, na kazi ya misheni ikachukuliwa na mwingine.

Ray aliona adabu haimfikishi popote, akageukia mdomo. Mwaka 1975 ikasikika kwenye baa za Aston, kisha Saltley, kwamba farasi wa Amos alikufa zamani. Yule aliyeko bandani ni mwingine, kanunuliwa kisirisiri ili kodi ya nyumba iendelee kuliwa na yule nesi na Singasinga wake. Tazameni, walisema, farasi gani anaishi miaka yote hiyo? Wazungu walikubali. Hata Wakenya wenzake, na hili ndilo lililomkata maini, walianza kumtania. "Kemunto, huyu ni Askofu wa ngapi sasa?" mmoja alimwuliza kwenye kantini, na meza nzima ikacheka.

Iliuma. Mtu aweza kuitwa mchafu, mkali, mzee asiyeolewa, na Kemunto aliitwa yote hayo akayapuuza. Lakini kuitwa mla amana, mtoto wa mtu aliyebeba ngozi hadi Kitutu! Alienda bandani akaegemea lile bega lenye alama nyeupe, akalia kwa hasira. Kisha akajifuta, akapeleka ujumbe Aston: Ray aje atazame bega, alama anaijua. Ray hakuja. Akapeleka tena. Hakuja. Mtu anayetaka kusema uongo wake kwa raha haendi kutazama.

"Mwache," Tarlochan alimwambia. "Dua la kuku halimpati mwewe."

"Halimpati, lakini linampigia kelele," Kemunto akajibu.

Ndipo ukaja ule mwaka wa 1976, ambao watu wa Birmingham wanausimulia mpaka leo. Mvua iligoma. Bustani zikawa kahawia, serikali ikawasihi watu waoge kwa maji machache, na Wazungu wakahangaika na ndoo. Kemunto aliwatazama kwa huruma kidogo na kicheko kingi. Maji ya kuoga ya nyumba nzima ya Tarlochan, watoto na wakubwa, aliyakusanya akawa anamwagia Askofu mgongoni kumpoza. Farasi alikuwa amekonda sasa, meno yamekwisha, na Kemunto alimlowekea pumba ziwe uji. Daktari wa mifugo, mtu mwema, alimpima akasema hana maumivu, ni uzee tu, na aachwe mpaka achoke mwenyewe.

Mvua ilirudi mwishoni mwa kiangazi. Askofu alitolewa uani akasimama chini yake, kichwa chini, maji yakimtiririka, akakataa katakata kuingia ndani. Wiki ile ile, alasiri moja, alijilaza kwenye majani makavu na hakuinuka tena. Kemunto alikaa chini, kichwa cha farasi mapajani mpaka miguu ikamfa ganzi, akimwimbia nyimbo za kanisani. Alipokwisha kukata roho, Kemunto alilia kwa sauti, na wala hakuona haya. Kisha akavaa buti zake akaenda kupiga simu.

Watu wa lori la mizoga walifika, wanaume wawili wenye mabuti makubwa.

"Mchukueni," aliwaambia. "Ila ngozi mtanichunia hapa hapa, mniachie."

Wakatazamana. "Ngozi ya nini, mama?"

"Ina mwenyewe."

Wakamchuna. Kemunto akaisugua ngozi chumvi, akaiwamba kwenye mlango wa banda kwa misumari, akawa anaikwangua kila siku kama alivyomwona baba yake akikwangua. Harufu ilipanda juu ya paa. Tarlochan alikuja amefunika pua kwa ncha ya kilemba.

"Sista, jamani, mtaa mzima umefunga madirisha."

"Afadhali wafunge madirisha kuliko wafungue midomo."

"Lakini wakili amesema amana imekwisha. Umemaliza! Nenda nyumbani sasa ukamwone mzee wako. Hakuna anayekudai kitu."

"Wakili amemaliza, Bwana Singh. Mimi bado."

Tarlochan alimtazama, akatazama ngozi, kisha akakunja mikono ya shati na kumsaidia kuvuta upande uliolegea.

Ngozi ilipokauka, Jumapili moja Kemunto alivaa nguo yake ya kanisani, ile ya bluu, akafunga kilemba kipya. Akaikunja ngozi, akaifunga kwa shuka, akaitia begani. Ilimwinamisha, lakini alikataa katakata Tarlochan ampakie garini. Mtunzaji hubeba mwenyewe. Kwenye basi la Aston dereva aliuliza kama hilo ni zulia.

"Ni Askofu," akasema Kemunto, akaketi. Abiria waliokuwa karibu wakahamia viti vya mbele.

Ray alikuwa nyumbani, nyuma ya duka la matairi. Alifungua mlango akikohoa, kikohozi kile kile Kemunto alichokijua tangu wodini. Chumbani palikuwa na meza moja, viti viwili, na karibu na hita amelala mbwa jike wa kijivu, mzee, mwembamba.

"Kama umekuja kwa ajili ya ua," Ray alianza, "wakili amekwisha kunieleza."

Kemunto aliifungua shuka, akaitandaza ngozi juu ya meza, ikafunika meza yote na kuning'inia pande mbili. Akasimama wima. Akasema kwanza kwa Kikisii, kwa sababu maneno yenyewe yana lugha yake, kisha akasema kwa Kiingereza:

"Mnyama wenu amekufa kwa Mungu, hakufa kwa mkono wangu. Ngozi yake ndiyo hii. Tazama alama."

"Itoe," Ray akasema. "Inanuka."

Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuiona. Alisogea. Mkono wake ukaenda wenyewe mpaka kwenye ile alama nyeupe, ukatulia hapo, kiganja kikaifunika yote.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka mafuta hapa," akasema mwishowe. "Kola ilipomchuna. Nilikuwa nafanya kazi na mjomba wakati huo. Alinipa kopo la mafuta, akaniambia, hii ndiyo kazi yako, asubuhi na jioni." Akakohoa. "Nami nikasema huyu ni farasi mwingine."

"Ulisema."

"Kote nilisema."

"Kote ulisema, na mimi kote nilisikia."

Ray hakuinua uso. "Na hukulazimishwa kuileta hii."

"Sikulazimishwa kuileta, wala sikulazimishwa kumtunza. Kwetu hatungoji kulazimishwa."

Alisema hivyo bila kuinua sauti. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na kifua chake kilikuwa chepesi kama siku ile ya njia ya kutoka Kitutu. Akaikunja shuka yake, akaiweka kwapani. Ngozi aliiacha, ilikuwa imefika kwa mwenyewe. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango Ray aliposema, "Ngoja."

Ray alikuwa ameinama anamkuna mbwa nyuma ya masikio. Mbwa aliinua kichwa kwa shida, akakilaza juu ya kiatu chake.

"Huyu ni Nell," alisema. "Kifua changu ni kile kile cha mjomba, wewe ni nesi, unakisikia. Sina mke, sina mtoto. Marafiki ninao baani, lakini hawa..." Akatikisa kichwa. "Siku nikiingia hospitali nisitoke. Huyu... wewe unge..."

Akashindwa kumaliza. Kemunto alibaki mlangoni. Mtu huyu hakuijua Kitutu, wala zizi, wala ndama jike, na hakuna aliyemfundisha. Machozi yalimjia Kemunto, akayazuia, kwa sababu baba yake siku ile hakulia.

"Kwetu mbwa haingii ndani ya nyumba," akasema kwa ukali.

Ray aliitikia kwa kichwa, akatazama sakafu.

Kemunto akarudi, akavuta kile kiti cha pili, akaketi.

"Anakula nini?" akauliza.